Siku ya Tatu

Kaka yangu Zihindula husugua lenzi za miwani
katika chumba cha mbao, mteremkoni Kadutu,
pale mvua inaposhusha udongo mpaka mlangoni.
Unga wake una rangi ya waridi hafifu, kama ufizi wa mtoto.
Kopo halina jina, lina namba tu
na picha ya glavu iliyofutika nusu.
Jioni hurudi na nyusi za unga.
"Hii si sumu," huniambia, "hii ni mwanga.
Leo Mama Cibalonza kasoma Zaburi nzima bila kukunja uso."

Mimi nafanya kazi huku chini, karibu na ziwa,
katika maabara ambamo umeme hupokewa kwa makofi
na huondoka bila kuaga.
Niliiba kijiko kimoja cha unga wake.
Nikausaga, nikauchuja, nikabaki na chembe
ambazo elfu moja zikishikana mikono
hazivuki unywele mmoja.
Nikazidondosha katika sahani ya seli za mapafu.

Siku ya kwanza seli ilifungua mlango.
Ndivyo ilivyolelewa: abishaye hodi huingia.
Ikamkunja mgeni katika kifuko chake cha asidi,
jiko lile dogo liyeyushalo kila taka,
vijidudu, mabaki, masizi ya makaa.

Siku ya pili niliandika: hakuna kitu.
Nikanunua sambaza za kukaanga,
nikampelekea kaka, tukala tukicheka.

Wahenga walisema mgeni siku mbili,
ya tatu mpe jembe.
Huyu hakungoja jembe.
Alikuwa anakula nyumba.

Asidi ilimvua koti,
na chini ya koti palikuwa na njaa moja tu: fosfati.
Na fosfati, ndani ya seli, ndiyo tofali.
Akabandua ukuta, kipande baada ya kipande,
akajivika alichobandua, akaota miiba.
Picha iliporudi kutoka ng'ambo niliwaona,
nungunungu wadogo, wamejaa kifukoni,
na kifuko kimepasuka,
na asidi imemwagika sebuleni.
Seli ilipiga ukelele kwa lugha yake,
protini, joto, uvimbe, njooni, njooni.
Mimi sikusikia kitu. Jenereta ya jirani ilikuwa inanguruma.

Niseme haki: si wote.
Seriamu peke yake ni mpole,
wapo hata wanaomwita tabibu.
Lakini koponi hakuja peke yake.
Alifuatana na nduguye, lanthanamu,
na nani hapa Bukavu hajawahi kumfungulia mtu mwema
akaona nyuma yake anaingia ndugu?

Nikajaribu tena. Safari hii nilimlisha mgeni nje,
nikamloweka katika fosfati usiku kucha kabla ya hodi.
Akaingia ameshiba. Akalala katika asidi
bila kugusa ukuta.
Siku ya tatu seli zilikuwa zinapumua,
nyingi, si zote.
Sahani moja si ushahidi, alisema profesa,
na kabla sijaandaa ya pili, umeme ukaondoka siku nne.

Jumamosi nilipanda Kadutu na barakoa, na ndoo.
Sugua unga ukiwa majimaji, nikamwambia,
usiupulize, usiufagie ukiwa mkavu.
Zihindula aliigeuza barakoa mkononi
kama mtu anayekagua samaki wa jana.
"Na mteja ataonaje kwamba nimefurahi kumwona?"
Lakini ndoo aliijaza.
Kisha akakohoa, kikohozi cha kawaida,
kile cha vumbi la Julai, kila mtu hapa anacho.

Nikashuka nikihesabu vidato.
Miaka tisa anasugua.
Sijui, kwa pafu la mtu,
hiyo ni siku ya ngapi.